Mnapima Mzigo, Upepo Nani Anapima?

Barua ya wazi kwa Wakala wa Barabara, LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), Kikosi cha Usalama Barabarani, na wakuu wa mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Nakala kwa wenye malori.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni fundi wa matairi hapa Uyole, Mbeya. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na nimekaa hapo tangu 2006. Kabla ya hapo nilikuwa tandiboi, msaidizi wa dereva wa lori, kwa miaka minne. Nayasema haya mapema msije mkadhani anayewaandikia ni mtu wa semina. Mikono yangu ina weusi ambao hakuna sabuni ya kuutoa.

Ombi langu ni moja. Kwenye kila mizani kuanzia Iringa kwenda Tunduma, kama vile Wenda, Makambako na Mpemba, wekeni kompresa, geji iliyohakikiwa na kijana wa kuitumia, dereva apime na ajaze upepo wa matairi bila kulipa. Lori limeshasimama pale kwa lazima. Mnajua kila ekseli imebeba kilo ngapi. Kinachozibeba kilo hizo hamkiulizi hali.

Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari mnaijua kuliko mimi. Ekseli ya mbele mwisho tani 8, mbili za nyuma ya kichwa tani 18, tatu za tela tani 24. Lori la kawaida la njia yetu, la ekseli sita na matairi 22, mwisho wake ni tani 50. Sasa gawanyeni. Tairi moja la mbele limebeba hadi tani 4, na la tela tani 2. Mpira wenyewe hauna ubavu wa kubeba tani 2; toeni upepo muone, unalala chini kama ndala. Mzigo umebebwa na upepo uliofungiwa mle ndani, na mpira ni gunia lake tu. Kwa hiyo lori linapopanda kwenye sahani ya mizani mnapima kila kitu isipokuwa mbebaji.

Niwape kisa kilichonifanya nishike kalamu.

Alfajiri moja ya mwezi Juni alikuja dereva kibandani kwangu amenuna. Nitamwita suka tu, kama tunavyoitana huku barabarani. Bosi wake humpa lita 465 za kutoka Dar mpaka Tunduma, kwa hesabu ya lita moja kilomita mbili. Tangi lina kifaa kinachotuma taarifa ofisini kila mafuta yanaposhuka. Safari iliyotangulia suka alikuwa amezidisha lita 30, na kwa lugha ya wenye malori jambo hilo lina tafsiri moja: umeuza mafuta. Alikatwa kwenye posho, akaambiwa ikijirudia aache funguo.

Alikuja kwangu kuziba pancha moja. Lori lilikuwa limelala pale usiku kucha, matairi ya baridi kabisa, nikaona huo ndio wakati wa kupima yote. Mbele yalisoma PSI 112 na 110 (PSI ndicho kipimo cha upepo wa tairi), hakuna neno. Nyuma ya kichwa yalichezea mia, mengine chini kidogo. Msiba ulikuwa kwenye tela: 84, 79, 90, 71, na lile la ndani kabisa la ekseli ya mwisho, ambalo hakuna mtu anayelifikia bila kulala chini, lilisoma 58. Nilipopiga wastani wa matairi 12 ya tela nikapata 82, na yote yalitakiwa kuwa 110.

Nikamwomba suka nizungumze na bosi wake kwa simu. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba sehemu ya mafuta anayoyatafuta iko kwenye matairi. Bosi akacheka sana. "Fundi," akasema, "tangu lini upepo ukanywa dizeli?"

Swali zuri, na siku ile sikulijibu vizuri. Nalijibu leo.

Bosi, nenda sokoni Mwanjelwa asubuhi ukamtafute kijana anayesukuma guta la viazi. Mwambie apunguze upepo kwenye tairi moja kisha apandishe kilima kile kile. Utaona jasho lake. Tairi laini hujikunja pale linapogusa lami, likainuka likajinyoosha, likazunguka likajikunja tena, maelfu ya mara kwa kila safari. Kila likijikunja linapata joto. Joto hilo halikutoka mbinguni, limetoka kwenye tangi lako. Ndiyo maana ukiweka kiganja kwenye tairi lenye upepo mdogo baada ya safari ndefu unakitoa haraka, na la jirani yake lenye upepo kamili unaweza kuliwekea mkono mkapiga soga.

Wanaotengeneza matairi wanakadiria kwamba robo hadi theluthi ya mafuta ya lori lenye mzigo huishia kwenye kuyazungusha matairi. Na kwamba kila PSI 10 zikipungua kwenye matairi yote, mafuta huongezeka kwa nusu asilimia mpaka asilimia moja. Ukiyachukua matairi ya suka na kuyapigia hesabu hiyo, unapata lita tano hadi tisa kwa safari ya kwenda. Alidaiwa 30. Zile 21 zilizobaki sikujua zilikokwenda na sikuuliza. Labda foleni, labda mlima, labda mambo mengine ambayo mtu hamwambii fundi. Lakini tisa ni tisa, na alizilipa yeye.

Wenye malori, hamkuandikiwa ninyi barua hii ila someni hapa kidogo. Dar hadi Tunduma ni kilomita 930 hivi. Kwenda na kurudi, kwa lita moja kilomita mbili, ni lita 930. Upepo ukiwa chini kwa PSI 20 kote, kwa kiwango cha juu cha makadirio hayo, ni asilimia 2, lita 18 na ushee. Safari 24 kwa mwaka zinafanya lita 446. Tuseme lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, maana bei ya EWURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, hubadilika kila mwezi: ni 1,338,000 kwa lori moja. Mwenye malori 20 anapoteza karibu milioni 27. Mtu wa namna hiyo ameajiri mlinzi wa kulinda madumu, akanunua kifaa cha kulinda tangi, na hajawahi kununua geji.

Tena mafuta ndiyo hasara ndogo. Tairi linalotembea na upepo pungufu kwa asilimia 20 hupoteza kama robo ya umri wake. Seti ya matairi 22, hata ukiyapata kwa laki sita kila moja, ni milioni 13 na laki mbili. Robo yake ni milioni 3 na laki tatu, inayeyuka kidogo kidogo kwenye kingo mbili za tairi huku katikati kukiwa bado kuna kashata nzuri, yale meno ya tairi. Nikimwonyesha dereva kingo zilivyolika ananiambia tairi lilikuwa feki. Mali bila daftari huisha bila habari, na sijaona daftari la upepo kwenye lori lolote lililopita kwangu.

Nirudi kwenu waheshimiwa, kwa sababu kuna jambo la mikoa yetu hii ambalo mtu wa Dar hawezi kulijua akiwa Dar.

Lori linajazwa upepo Dar kwenye nyuzi joto 30. Geji inasema 110, dereva anaondoka kwa amani. Anafika Uyole usiku, analala. Alfajiri ya Juni huku ni nyuzi 8, na mnajua baridi yetu haina mzaha. Upepo ukipoa hunywea. Lile tairi la 110 sasa lina kama 104, na halijatoboka popote. Lingesoma chini zaidi ya hapo, ila kwa kuwa tuko juu, mita 1,700 na kitu, hewa ya nje nayo ni nyepesi na geji inajipendelea kidogo. Ongezeni na ule upepo unaovuja wenyewe kupitia mpira kila mwezi, PSI moja au mbili, hata kwa tairi zima. Ongezeni valvu zisizo na kofia. Kofia ya valvu watu wanaiona pambo, kumbe ndiyo inayozuia vumbi lisiingie kwenye sindano na kuifanya ivujishe.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Lori linapanda mlima Kitonga na mzigo wake, kilomita kadhaa za kona na gia nzito, linafika Ilula limewaka. Tairi lililokuwa 110 sasa linasoma 124. Dereva anaogopa litapasuka, au anakutana na fundi asiyejua, anaambiwa upepo umezidi, wanaupunguza mpaka 110. Wameshaliua. Asubuhi kwenye baridi ya Mafinga au Makambako tairi lile lina 92. Kila safari nakutana na madereva wa namna hiyo, tena wale waangalifu, wanaojali. Anayejali anaharibu zaidi ya asiyejali kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba upepo hupimwa tairi likiwa limepoa, lori limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, na kwamba tairi la moto halipunguzwi upepo kamwe.

Mtaniuliza: sasa kwenye mizani si matairi yatakuwa ya moto? Ndiyo, na nimelifikiria sana. Malori mengi hulala karibu na mizani, yakisubiri zamu au yakisubiri kukuche. Hayo yapimwe asubuhi. Yanayofika yakiwa ya moto, kijana wa geji hatapunguza upepo hata wa tone; atatafuta lililopishana na wenzake. Kwenye ekseli moja matairi yote yakisoma 125 na moja likasoma 95, hilo lina tatizo, liwe la moto au la baridi. Hiyo peke yake ingeokoa matairi mengi kabla hayajawa vile vipande vyeusi mnavyovikwepa kati ya Igawa na Chimala.

Kuna watakaosema madereva wanapima tayari. Wanapima kwa nyundo, au kwa spana ya magurudumu. Anazunguka lori anagonga, tu, tu, tu, anasikiliza. Hata mimi nilikuwa nagonga nilipokuwa tandiboi, tena kwa madaha. Nyundo itakwambia tairi limelala. Haiwezi kukutofautishia 110 na 80, na 80 ndiyo inayokula pesa na kuua watu.

Na geji je? Hapa nitajisema na wenzangu. Ninazo geji sita kibandani. Nikizipima kwenye tairi moja, ya chini na ya juu zinapishana PSI 14. Iliyo sahihi naijua kwa kuwa niliinunua mpya na naiweka kwenye boksi lake. Hizo nyingine zimeanguka kwenye lami mara zisizohesabika. Pampu ya mafuta haiuzi lita moja bila stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya nyanya sokoni ina stika. Kwenye geji ya fundi wa matairi, tangu 2006, sijaiona stika hata siku moja, na kwenye zangu haipo. Tunapimia watu uhai wao kwa kitu kisichopimwa.

Lakini kiini cha tatizo ni pesa ndogo. Mimi natoza shilingi 500 kwa tairi kujaza upepo. Matairi 22 ni 11,000. Dereva anapewa mafuta kwa kadi, anapewa posho, anapewa hela ya njiani. Hela ya upepo haimo. Akijaza analipa yeye, na faida anaipata bosi. Ninyi mngelipa? Bosi anadhani dereva anajaza, dereva anadhani gereji ilijaza, gereji inasema lori lilipotoka lilikuwa sawa. Upepo hauna mwenyewe. Ndiyo maana naomba uwe wa bure pale ambapo kila lori lazima lisimame. Najua nitapoteza wateja. Nitabaki na pancha, haziishi.

Wahandisi wa barabara wataniambia upepo mwingi unachimba lami. Ni kweli, nawaunga mkono. Wapo wanaojaza mpaka 140 wakiamini lori linakuwa jepesi. Tairi la hivyo linagusa barabara kwa eneo dogo, uzito wote unakaa hapo, na katikati yake ndiko kunakolika. Kijana wa geji atawakuta na hao pia. Mnajenga njia nne kutoka hapa Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, fedha nyingi za wananchi. Lami ile itakanyagwa na matairi ambayo hakuna ajuaye yamejazwa nini.

Kuna jambo jingine ambalo sipendi kuliandika. Tairi lililotembea muda mrefu chini ya asilimia 80 ya upepo wake, yaani chini ya 88 kwa tairi la 110, huchoka nyuzi za chuma za ubavuni. Kwa macho ni zima. Linaletwa kwangu, "fundi ongeza upepo," naunganisha bomba, linafika 70, 80, na ubavu unafunguka wote kwa mara moja kama zipu. Mwenzangu wa hapa jirani hana matumizi ya mkono wa kushoto kwa sababu hiyo. Tairi la namna ile linatakiwa livuliwe, likaguliwe ndani, lijazwe likiwa kwenye kizimba cha chuma na fundi akiwa amesimama mbali. Vizimba vya namna hiyo hatuna. Mkiweka kompresa Wenda na Mpemba, wekeni na kizimba, na kijana wenu afundishwe kabla ya kushika bomba.

Ulaya, tangu Julai 2024, kila lori jipya na tela jipya ni lazima liwe na kifaa kinachomwonya dereva upepo ukishuka. Malori yetu mengi huja yakiwa yametumika huko miaka mingi nyuma, kwa hiyo kifaa hicho kitatufikia wakati mimi nimeshastaafu. Siombi hicho. Naomba kompresa.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wameniambia nisiliandike. Tukiwaomba upepo, msituletee faini. Nawajua wakuu wangu. Jambo likishapimika, kuna mtu ataliandikia notisi. Dereva akijua kwamba akipimwa upepo ukaonekana mdogo ataandikiwa, atapita pembeni, ataongea na kijana wa geji, kijana atapata chake, na tairi litabaki na 71 yake. Kwa mwaka wa kwanza pimeni, jazeni, andikeni namba kwenye karatasi, nakala mpeni dereva ampelekee bosi. Basi. Karatasi ile itamfanyia suka kazi ambayo maneno yangu ya simu yalishindwa. Bosi akiona kwa mwandiko wa serikali kwamba tela lake lina wastani wa 82, hatacheka.

Na LATRA, mnapotoa leseni ya usafirishaji mnaangalia mambo mengi. Ulizeni na hili: nani kwenye kampuni hii anapima upepo, siku gani, na anaandika wapi? Mkijibiwa "dereva", ulizeni hela yake iko kwenye posho gani.

Suka yule amebadilisha kampuni. Anapita hapa kila baada ya wiki mbili hivi, akipeleka mizigo Tunduma au akirudi na shaba, na sasa ana geji yake mwenyewe aliyoinunua kwa hela yake, ameifunga kwa kamba ya kiatu kwenye kioo cha ndani. Bosi mpya naye hajui kama ipo.

Waheshimiwa, kama kuna kati yenu anayeona nimeongeza chumvi, karibuni Uyole. Msije saa nne na msafara, matairi yatakuwa ya moto na madereva watakimbia. Njooni wawili au watatu, saa kumi na moja alfajiri, mvae makoti. Malori huwa yamepanga foleni kando ya barabara, injini zimezimwa, madereva wamelala. Nitawaamsha mimi, wananijua. Njooni na geji yenu mnayoiamini, tuanze na matairi ya ndani ya ekseli ya mwisho ya tela, mpime wenyewe.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Fundi matairi, Uyole, Mbeya